Usivute trekta ya bustani kwa kamba, utaua gia zake

TREKTA ndogo ya bustani inaweza kukata nyasi za shule au uwanja wa gofu kwa miaka mingi bila tatizo, kisha ikaharibika katika safari ya nusu saa tu.

Anayeiharibu mara nyingi si dereva mzembe wala fundi bandia. Ni mtu mwenye nia njema aliyeifunga kamba nyuma ya pikapu na kuivuta hadi karakana, akidhani ni sawa na gari lililokwama.

Matrekta haya, ambayo hapa nchini hutumiwa katika hoteli, shule za bweni, viwanja vya gofu na mashamba makubwa, mengi huendeshwa kwa gia za haidrostati. Gia hizo hazina klachi wala gia ya kwanza na ya pili. Dereva hukanyaga pedali upande mmoja trekta ikaenda mbele, akakanyaga upande wa pili ikarudi nyuma.

Teknolojia hiyo si ngeni. Kampuni ya Marekani, International Harvester, iliuza matrekta madogo ya Cub Cadet yenye gia hizo katika miaka ya 1960. Siku hizi masanduku mengi ya gia hizi hutengenezwa na kampuni mbili, Tuff Torq na Hydro-Gear, hata kama trekta yenyewe ina jina tofauti ubavuni.

Ndani ya sanduku mna pampu inayozungushwa na injini kupitia mkanda, na mota inayozungusha magurudumu. Kinachounganisha pampu na mota si meno ya chuma bali ni mafuta yanayosukumwa kwa nguvu kubwa. Pistoni ndogo za pampu huegemea sahani iliyoinama. Pedali inapobadilisha mwinamo wa sahani hiyo, mafuta huongezeka, hupungua au hugeuza mkondo.

Hapo ndipo lilipo balaa la kuvuta. Trekta inapovutwa injini ikiwa imezimwa, magurudumu huilazimisha mota kusukuma mafuta badala ya kusukumwa nayo. Mafuta hayo hayana pa kwenda, pampu haizunguki ili kuleta mengine, na feni ya kupoza sanduku imesimama. Joto hupanda, utando wa mafuta unaotenganisha chuma na chuma hutoweka, na nyuso zilizosuguliwa zikang'aa kama kioo huanza kukwaruzana.

Watengenezaji walilifahamu jambo hilo, wakaweka wenzo wa kuachilia mafuta, ambao aghalabu huwa nyuma ya trekta karibu na ekseli. Wenzo huo hufungua njia ya mkato ya mafuta, na trekta ikaweza kusukumwa kwa mikono. Hata hivyo, ni wa kuisogeza hatua chache kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hauihalalishi safari ya barabarani, na wengi waliovuta matrekta yao kwa kasi huku wenzo umefunguliwa wameishia kununua sanduku jipya.

Kupakia na kufunga

Njia salama ni kuibeba trekta juu ya trela, pikapu au lori. Matrekta mengi ya aina hii yana uzito wa kilo 180 hadi 350, na dereva akiketi mzigo huongezeka. Mbao zilizookotwa penye ujenzi hazifai kuwa daraja. Afadhali gari lirudishwe nyuma hadi kwenye kingo ya ardhi iliyo sawa na kimo chake, jinsi wachukuzi wa ng'ombe wanavyofanya, kuliko kuamini ubao wenye nyufa.

Vipandio vikitumika, vifungwe kwa mnyororo kwenye gari. Bila mnyororo, magurudumu ya nyuma huvisukuma vikateleza wakati trekta imefika katikati. Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe vizuizi.

Kwa trekta yenye injini mbele, ni salama zaidi kupanda kinyumenyume na kushuka ikitazama mbele. Injini ndiyo nzito, na ikibaki upande wa chini, trekta haitainuka pua na kumwangukia dereva. Asiwepo mtu yeyote nyuma wala chini ya vipandio. Kama injini haiwaki, fungua wenzo wa kuachilia mafuta kabla ya kuivuta polepole kwa winchi, la sivyo magurudumu yatakokotwa yakiwa yamekaza.

Ikishapanda, shusha kifaa cha kukatia nyasi, zima injini, vuta breki ya kuegesha na ufunge bomba la petroli. Usitegemee gia kuishikilia. Mafuta huvuja taratibu ndani ya pampu, na trekta iliyoachwa bila breki mteremkoni itajongea.

Kamba bapa za kufungia mizigo ziwe nne, mbili mbele na mbili nyuma, zikivuta pande zinazopingana. Zifungwe kwenye fremu au ekseli, si kwenye usukani, vyuma vya kukatishia kona, kiti, wala kifaa cha kukatia nyasi. Boneti ya plastiki ifungwe kamba yake, kwani upepo huing'oa. Baada ya kilomita chache na matuta machache, simama ukaze upya. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari kupakiwa kwa namna inayohatarisha watumiaji wengine wa barabara.

Ikikataa kwenda

Malalamiko ya kawaida ni kwamba trekta huenda vizuri asubuhi, kisha ikishapata moto hushindwa kupanda hata kilima kidogo. Fundi mwenye haraka atasema sanduku limekufa. Huenda ikawa kweli, lakini kuna mambo manne yasiyogharimu pesa nyingi yanayopaswa kuchunguzwa kwanza.

Tazama wenzo wa kuachilia mafuta. Ukisahauliwa wazi baada ya safari, trekta haitakwenda kabisa. Ukiwa nusu wazi, itakwenda kwa unyonge na kuchemsha mafuta. Kisha kagua mkanda na springi yake, kwa kuwa mkanda uliolainika huteleza unapopata joto na kuonyesha dalili zile zile za pampu iliyochakaa. Feni iliyovunjika mapanga na nyasi zilizoganda juu ya sanduku huzuia upoaji. Mwisho ni vyuma vinavyounganisha pedali na sanduku, ambavyo hulegea.

Yote hayo yakiwa sawa, angalia mafuta. Rangi ya maziwa ni ishara ya maji. Harufu ya kuungua ni ishara ya joto. Baadhi ya masanduku hutumia mafuta ya 10W-30 na mengine 20W-50, kwa hivyo soma kijitabu cha mtengenezaji. Masanduku kama K46 ya Tuff Torq huuzwa yakihesabiwa kuwa hayahitaji kubadilishwa mafuta, na hayana tundu la kumwagia. Mafundi hulazimika kulitoa sanduku zima na kulipindua. Kazi hiyo inachosha, lakini imeokoa masanduku mengi.

Sili za ekseli na za mhimili wa juu zinazovuja hubadilishwa bila kufungua sanduku. Likifunguliwa, usafi uwe wa chumba cha upasuaji, kwani chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu kazi yote. Safisha sumaku ya ndani na utazame chembe za chuma zilizonaswa. Pitisha ukucha kwenye nyuso za pampu na mota: mkwaruzo unaonasa ukucha unaashiria kuwa kipuri hicho kibadilishwe. Hapo linganisha bei ya vipuri na ya sanduku jipya kabla ya kuendelea.

Mafuta mapya yakishatiwa, hewa lazima itolewe. Inua magurudumu ya nyuma juu ya vigingi imara, si jeki pekee, na uzuie ya mbele. Mtu aketi kitini kwa sababu swichi ya usalama huzima injini kiti kikiwa kitupu. Swichi hiyo isiunganishwe kwa waya wa ujanja. Fungua wenzo wa kuachilia mafuta, washa injini kwa mwendo wa chini, na ukanyage pedali mbele na nyuma polepole mara tano au sita. Zima, funga wenzo, kisha urudie.

Magurudumu yakizunguka bila kusitasita na sauti ya kulia ikiisha, ongeza mafuta yaliyopungua, ishushe chini na uijaribu bila mzigo kwenye uwanja tambarare. Iache ipoe, kisha upime mafuta tena kabla ya kuirudisha kwenye nyasi.