Neno "Alone" na Jamaa Zake: Historia na Tatizo la Tafsiri

Mwanafunzi wa tafsiri akipewa sentensi "Leave me alone", aghalabu huandika, pasipo kusita, "Niache peke yangu." Sarufi haina kasoro, ila maana imepotea. Msemaji haombi kuachwa katika upweke. Huenda yumo katikati ya umati, naye ataka asibughudhiwe tu. "Niache" lingetosha. Kosa hili hutokana na kudhani kwamba neno "alone" lina maana moja, ilhali historia yake yaonyesha vingine.

Asili ya neno hili ni hesabu wala si huzuni. Katika Kiingereza cha Enzi za Kati, kiasi cha mwaka 1300, watu walisema "all one", yaani "mmoja kabisa", nayo maneno mawili yakaungana. Kijerumani nacho kina "allein", lililoundwa vivyo hivyo. Baadaye neno "one", likiwa peke yake, lilipata sauti ya "w" mwanzoni, ambayo ilitoka katika baadhi ya lahaja ikaenea. "Alone" na "only" hayakufuata mkondo huo, yakabaki na irabu ya zamani. Ndiyo sababu Mwingereza wa leo hasikii "moja" ndani ya "alone", ingawa hulitamka kila siku.

Asili iliposahauliwa, silabi ya kwanza ikadhaniwa kuwa kiambishi tu, ikakatwa. Likazaliwa "lone", na kutokana nalo "lonely", ambalo tunalikuta katika maandishi ya zama za Shakespeare. Hata hivyo, "lonely" la wakati huo lilihusu hasa mtu asiye na mwenzi, au mahali pasipopitwa na watu. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 yalieleza kwa kutaja hali ya kuwa peke yako na mazoea ya kuipenda, majonzi hayatajwi. Maana ya majonzi ilishika nguvu katika karne ya 19. Mfasiri wa maandishi ya kale anayeweka huzuni kila aonapo "lonely" humsingizia mwandishi hisia asizozitaja.

"By myself" halina shida kubwa, kwa kuwa "by" hapo kale lilimaanisha "kando ya". "On my own" hutaka "mwenyewe" au "kivyangu", kwani linahusu kutotegemea msaada. Lililo gumu kwa wanafunzi ni "let alone", ambalo halihusu upweke hata kidogo. Hapa Kiswahili kina hazina yake, "sembuse" na "seuze": hawezi kutembea, seuze kukimbia. Inasikitisha kuona maneno haya yakiachwa na vijana, mahali pake pakashikwa na "achilia mbali".

Limebaki "loneliness". Mwezi Januari 2018 serikali ya Uingereza ilimkabidhi waziri mmoja jukumu la kushughulikia tatizo hili. Tukimwita "Waziri wa Upweke", msikilizaji aweza kudhani kuwa kazi yake ni kuhudumia wakaao peke yao, ilhali mtu aweza kuteseka hivyo nyumbani kwake, kati ya watoto wake. "Ukiwa" una uchungu unaotakikana, ila hunukia matanga na nyumba zilizohamwa. Mimi ningechagua "ukiwa" katika fasihi, na katika taarifa za serikali ningeandika "upweke", shingo upande.