Kolelo kabla ya Maji Maji

Lori linalopita hapa Kibamba kwenye Barabara ya Morogoro linaelekea upande uleule walikoelekea Wazaramo zamani: milima ya Uluguru, kwa Kolelo, mzimu wa pangoni. Walikwenda kuomba mvua.

Shuleni wengi tulikaririshwa kwamba Maji Maji ni watu walioamini risasi zitageuka maji, basi. Naona tumewaonea. Kolelo alikuwa mzimu wa mvua na shamba. Wajerumani walipoingia shambani na pamba ya lazima, tena na kodi juu yake, mwaka 1905 mzimu huohuo ukasikika Uzaramo ukisema: kodi msilipe. Hiyo ni siasa, jamani.

Kusini mwa Rufiji, kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliyepandwa na pepo Hongo alikuwa akigawa maji kwa makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja. Walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita ikaendelea hadi 1907.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), alimpa nabii huyo shaka tele. Lakini akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo.