Sura Isiyojibu

Je, mtoto wa miezi miwili aweza kutambua kama mama yake anazungumza naye kweli, au kama mbele yake ni picha tupu? Swali hilo Lynne Murray na Colwyn Trevarthen walilipima huko Edinburgh, na habari za jaribio lao zikachapishwa mwaka 1985.

Mama aliketi chumba kimoja na mtoto chumba kingine. Kila mmoja alimwona mwenzake kwa televisheni, na vioo vilipangwa kwa ustadi hata wakaweza kutazamana macho kwa macho. Mama alisema, mtoto alitabasamu, akajibu kwa midomo na mikono. Kisha mtoto alionyeshwa picha za mama zilizonaswa muda mfupi kabla. Sura ilikuwa ile ile, na sauti ile ile, ila sasa haikufuatana na matendo yake. Mtoto alifadhaika, akageuza uso.

Lakini ushahidi wa mara moja hautoshi. Mwaka 1998 Philippe Rochat na wenziwe walijaribu tena, wasione tofauti hiyo. Mwaka 1999 Jacqueline Nadel na wenziwe wakaiona. Ndivyo elimu iendavyo: neno halithibitiki kwa sifa za aliyelitamka kwanza, bali kwa kupimwa na wengi.

Nasi leo, tuzungumzapo kwa picha na jamaa walio mbali, tuna la kujiuliza: je, twatafuta sura zao tu, au twatafuta jibu?