SEHEMU YA 4: BIMA NDOGO NA MGUU WA DEREVA

Bodaboda ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, ikiwa baiskeli. Kwetu Tanzania, kanuni za 2010 ndizo zilizoruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kibiashara. Vijana wa Mbeya na Iringa wakaingia kazini, hadi njia za mashambani Rungwe na Mufindi, masika tope tupu.

Ila bima ya lazima ilibaki ileile ya tangu enzi za mkoloni: bima ndogo. Inamlinda anayegongwa, siyo anayeendesha. Ukiteleza peke yako ukavunjika paja, haikulipi. Vyuma, wadi, miezi bila kazi, vyote juu ya familia. Mahindi yanauzwa.

Dereva, siku ya kukata bima uliza: na mimi nimo?