Karantini Mipakani: Mzigo Hubebwa na Nani?

Mto Ruvuma haukugeuka mpaka kwa matakwa ya wanaoishi kando yake. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana huko Ulaya kwamba mto huo utenganishe makoloni yao. Wamakonde wa Newala, wakiwemo wa Chilangala, wakajikuta upande mmoja; ndugu zao wa Mueda wakabaki upande wa pili. Tangu hapo, nani avuke na nani azuiwe likawa swali la dola. Zama za maradhi ya kuambukiza swali hilo huwa kali zaidi, nalo hufichua uhusiano uliopo kati ya dola, biashara na wavujajasho.

Kihistoria, kanuni za karantini za kimataifa zilizaliwa na biashara. Mwaka 1851 dola 12, karibu zote za Ulaya, zilikutana Paris. Zilitaka kujikinga na tauni na kipindupindu bila kukwamisha meli zao. Uhai wa mtu wa makoloni haukuwa hoja ya mkutano huo.

Vita ya mabeberu ya 1914-1918 ilidhihirisha jambo hilo. Novemba 1917 majeshi ya Wajerumani, yakiongozwa na von Lettow-Vorbeck, yalivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na maadui zao wakayafuata. Mizigo ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na magonjwa. Mwaka 1918 homa kuu ya mafua ikapita katika njia zile zile za meli, reli na wapagazi. Vita haikusimama kwa ajili ya homa. Mpaka uliomzuia mkulima kumtembelea nduguye haukuzuia majeshi wala maradhi.

Baada ya Uhuru tulipata somo la namna nyingine. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani liliondoa sharti la msafiri kuonyesha cheti cha chanjo ya kipindupindu, kwa kuwa chanjo ya wakati huo haikuzuia ugonjwa kuvuka mipaka. Kipindupindu kilipozuka tena nchini Oktoba 1977, dawa ya tetrasaiklini ilitumika kwa wingi, kutibu wagonjwa na kukinga wasiougua. Baada ya miezi 5, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu kwa dawa hiyo. Cheti na kidonge haviwezi kushika nafasi ya maji safi na choo.

Ndipo ikaja korona. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na wiki moja baadaye wasafiri kutoka nchi zilizoathirika wakatakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Mwezi Mei Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde na Tunduma kwa muda, na Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa mizigo. Hapo ndipo ukinzani ulipojitokeza wazi: shehena iliruhusiwa, lakini dereva anayeiendesha akatiliwa shaka. Huko Namanga, madereva walioambiwa na Kenya kuwa wana virusi walipimwa tena Tanzania, na viongozi wakatangaza kuwa hawana. Malori yakapanga foleni ndefu. Tarehe 22 Mei mawaziri wa nchi hizo mbili walikutana hapo hapo Namanga, wakakubaliana madereva wapimwe kwao kabla ya safari.

Je, tuseme karantini haifai? La hasha! Kumtenga mgonjwa ni kulinda umma. Kosa ni kumtupia mzigo wote mfanyakazi anayevuka. Anayezuiwa kwa manufaa ya wote sharti alishwe na wote. Vinginevyo atatafuta njia ya panya, na ugonjwa utapita naye. Vile vile, nchi jirani zisipokubali kipimo kimoja, kila cheti ni karatasi tu.

Mwaka 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa juu ya Ruvuma, likiunganisha Mtambaswala na Negomano. Kada aliye mpakani ajiulize mapema, kabla ya homa nyingine kubisha hodi: zahanati ya upande huu inazungumza na ile ya ng'ambo? Siku ya kufunga njia, nani atampelekea chakula aliyefungiwa? Umoja wa daraja utapimwa kwa majibu hayo.