Hadithi Sita kwa Wiki

Jumatatu Ijumaa Wikienda, Jumanne Uwazi, Jumatano Risasi Mchanganyiko, Alhamisi Amani, Ijumaa gazeti lenye jina la siku yake, Jumamosi Risasi tena. Hiyo ilikuwa ratiba ya msomaji wa magazeti pendwa ya Global Publishers, kampuni ya mtunzi Eric Shigongo, katika miaka ya 2000. Hadithi ilikatwa pale pale moyo ulipoanza kwenda mbio: mke ameisoma barua isiyokuwa yake, au binti mrembo kainua baibui na chini kuna kwato. Itaendelea. Msomaji akabaki na mapenzi, majini na mauaji kichwani kwa pamoja, na asichanganye hata jina moja.

Mkazi wa Dar es Salaam aliyakuta asubuhi kwa muuza magazeti. Msomaji wa Mtwara ilimbidi asubiri: mji wake uko zaidi ya kilomita 500 kusini, na katikati upo Mto Rufiji.

Hadi Agosti 2003 Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakichachamaa barabara ilikatika kabisa. Hata daraja la mita 970 lilipofunguliwa, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kilibaki tope kwa miaka mingine mingi kabla ya lami. Gazeti lililopakiwa kwenye basi lilikwama na basi lake. Tope halijui Jumanne wala Alhamisi, na anayefuata hadithi kwa mtindo huo hujifunza kuruka sehemu ya saba na kuikisia kutokana na ya nane.

Daraja lile lina jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ambaye kabla ya siasa za juu alikuwa mwanahabari: mwaka 1966 alikabidhiwa uhariri wa The Nationalist na Uhuru. Ni jambo la kupendeza kwamba mtu wa Kusini aliyeishi kwa karatasi na wino ndiye aliyekuwa rais pale njia ya kuelekea kwao ilipopata daraja.

Mji wa Mtwara wenyewe ni rika moja na riwaya ya Kiswahili. Ulipangwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zikashindwa hata kabla bandari yake ya kina kirefu haijafunguliwa 1954, na reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka hiyo hiyo Shaaban Robert alitoa Kusadikika (1951), nchi iliyo angani, na Adili na Nduguze (1952), ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani kwa nguvu za jini. Muhammed Said Abdulla akafuata na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ila Bwana Msa wake anapekua mpaka nyuma ya mzimu anamkuta binadamu. Watunzi wa magazeti pendwa walimrudisha mzimu, wakamwoza kabisa.

Kati ya vizazi hivyo viwili ilipita kampeni ya kisomo. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1975 walikuwa wamebaki wapatao asilimia 40. Wasomaji hao wapya walihitaji kitu cha kusoma. Waliozibeza riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, na baadaye hadithi za magazetini, hawakujiuliza kisomo kile kingedumu kwa kusoma nini.

Na gazeti halikufa lilipokwisha kusomwa. Lilipita saluni, likapita kijiweni, likaishia kwa muuza karanga, aliyelichana na kukunja vifuko. Mla karanga alikikunjua kifuko, akakuta nusu ukurasa wa hadithi, akaisoma yote, kisha akarudi kuuliza kama kuna kifuko chenye ile nusu nyingine.