Pua Iliyoshushwa Hadhi: Ubongo na Uwezo wa Kunusa

Paul Broca, daktari na mwanaanatomia wa Ufaransa, alidai mwaka 1879 kwamba binadamu ni miongoni mwa viumbe wasiotegemea kunusa. Hakufikia hapo kwa kuwapima watu pua zao. Aliona tu kuwa vivimbe vya ubongo vinavyopokea harufu ni vidogo vikilinganishwa na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kwake ndiyo iliyobeba akili na hiari. Dai hilo lilirithiwa kizazi hadi kizazi, na mwaka 2017 mwanasayansi wa neva John McGann alipolichunguza upya katika jarida la Science, alionyesha jinsi msingi wake ulivyo dhaifu. Nakubaliana naye, na naona muundo wa ubongo wenyewe unatosha kumpinga Broca.

Tuanze na macho na masikio. Mwanga hugeuzwa kuwa ishara za neva kwenye retina. Sauti hugeuzwa na seli zenye vinyweleo ndani ya koklea. Ishara zote hizo hupitia thalamasi, katikati ya ubongo, ndipo zifike kwenye gamba la ubongo: za macho kisogoni, za masikio ubavuni. Harufu haisubiri kwenye thalamasi. Molekuli hunaswa na vipokezi vilivyo juu kabisa ndani ya pua. Jeni za vipokezi hivyo ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kutoka hapo ishara hupenya tundu ndogondogo za mfupa hadi kwenye vivimbe vya kunusia, kisha huingia moja kwa moja kwenye gamba la kunusia na amigdala, ambayo hushughulika na hofu na hisia nyingine kali. Ndiyo maana harufu huweza kumtikisa mtu kabla hajajua ni ya nini.

Mpinzani atasema panya ana aina zipatazo 1,000 za vipokezi, sisi takriban 400 tu. Tena panya buku waliofunzwa Morogoro hunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Ni kweli, lakini wingi wa vipokezi si kipimo cha uwezo wote. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Berkeley walifumbwa macho, wakazibwa masikio, wakavishwa glavu nene, kisha wakatambaa nyasini kufuata mstari wa harufu ya chokoleti wenye urefu wa mita 10. Wengi waliufuata, wakipinda kushoto na kulia kama afanyavyo mbwa, na waliofanya mazoezi waliongeza kasi. Tundu moja la pua lilipozibwa, usahihi ulipungua. Kumbe ubongo hulinganisha matundu hayo mawili, kama unavyolinganisha masikio mawili, ambayo sauti huyafikia kwa kupishana chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ili kujua sauti inatoka upande gani.

Gharama ya kudharau pua tunailipa hospitalini. Mgonjwa husomeshwa herufi ukutani na hupimwa masikio, lakini ni nadra kuulizwa kama bado anasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Ilhali kupotea kwa uwezo wa kunusa huweza kutangulia mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson kwa miaka kadhaa, na wakati wa UVIKO-19 kulikuwa miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa.